Kobe wa Miavuli Minne

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa watu wote wa mji wa Thang Long, wenye vyeo na wasio navyo, waendao kwa miguu na wabebwao kwa machela, ya kwamba kuanzia leo kobe ana haki ya njia. Atakayekutana na kobe atashuka, atapiga magoti, atainamisha paji la uso mpaka ardhini, na atakaa hivyo hadi kobe apite kwa hiari yake mwenyewe. Ni marufuku kumsukuma, kumwinua, kumruka, kumkemea wala kumzunguka. Adhabu ni viboko hamsini.

Tangazo hilo niliandika mimi, Ta Khoan, Karani wa Daraja la Saba katika Ofisi ya Kobe na Dalili Njema. Namwomba msomaji ayatazame vizuri yale maneno mawili, "wala kumzunguka". Rasimu ya kwanza haikuwa nayo. Niliyaongeza mimi, baada ya kukaa siku mbili nikiwaza jinsi watu wa mjini walivyo wajanja. Mheshimiwa Khuc Vuong, mkubwa wangu, alipoyasoma alinitazama, akasema, "Khoan, wewe una kichwa." Nilitembea wiki nzima bila kuhisi ardhi.

Wapo wanaosema kwa vijembe kwamba Mheshimiwa Vuong alipanda cheo kwa mgongo wa kobe. Hao wana wivu, na isitoshe wamekosea. Alipanda kwa tumbo la kobe.

Wakati huo alikuwa mtunza bwawa la ikulu. Kazi yake ilikuwa kuopoa majani makavu na kuwafukuza bata. Mwaka huo Mfalme alitaka mashindano ya mashua yafanyike mapema, na Jenerali Kieu Thuoc, mkuu wa walinzi wa ikulu na kaka wa Mama Mfalme, akasema mto umepungua maji. Mfalme akasema mto ni wake. Mashindano yakafanyika. Mashua kumi na mbili zikakwama kwenye tope mbele ya mji mzima, na ya Mfalme ikabidi ivutwe na nyati wawili wa mkulima, ambao hawakuwa na adabu hata kidogo.

Kesho yake hakuna aliyethubutu kuinua macho ukumbini. Ndipo mtunza bwawa akaingia, matope mpaka magotini, amekumbatia kobe mkubwa mzee. Akampindua mbele ya kiti cha enzi. Tumboni mwa kobe palikuwa na maandishi: "Mfalme hakukosea."

Jenerali alishuka, akamshika yule kobe, akakwaruza gamba kwa ukucha.

"Haya maandishi ni ya jana," alisema. "Hata unga wa gamba bado umo."

"Ni ya jana, ndiyo," Vuong akajibu bila kupepesa macho. "Mashua si zilikwama jana? Jenerali alitaka mbingu ziandike lini?"

"Nasema yamechongwa kwa kisu, bwana!"

"Kwa hiyo Jenerali anatuambia mbinguni hakuna kisu."

Hakuna kati yetu aliyewahi kufika mbinguni, kwa hiyo hakuna aliyeweza kutoa ushahidi. Mfalme akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nyati. Kufikia adhuhuri Vuong alikuwa Mshauri wa Mfalme kuhusu Kobe. Kufikia mwezi uliofuata maneno "kuhusu Kobe" yalikuwa yamebanduliwa mlangoni, na hakuna aliyekumbuka kwamba yaliwahi kuwepo isipokuwa fundi aliyeyabandua.

Jenerali si mtu wa kukaa akatazama. Naye wiki iliyofuata alileta kobe, mwenye maneno: "Jenerali naye hakukosea." Vuong hakumcheka. Aliunda kamati ndogo, ambayo ndiyo iliyozaa ofisi yetu, na tukafanya upembuzi yakinifu wa siku tisa. Tulibaini kwamba kobe wa Jenerali alikuwa na wasiwasi machoni, ilhali kobe mwenye ujumbe halali huwa mtulivu. Ukweli ni kwamba siku ya nne alikuwa mtulivu mno, kwa sababu alikuwa amekufa. Hilo tuliliandika kama "utulivu uliochelewa".

Basi Jenerali akavuliwa panga na kupewa ufagio. Akawekwa bawabu wa Hekalu la Ngoma ya Shaba, ng'ambo ya mto To Lich, ambako kila mwaka, siku ya nne ya mwezi wa nne, wakubwa wote wa nchi hunywa kikombe cha kiapo mbele ya Mfalme na kusema kwamba miungu iwaue wakiwa wasaliti. Ngoma hupigwa mara tatu. Ikilia ya tatu, lango hufungwa, na aliyebaki nje huhesabiwa kuwa hakutaka kuapa: viboko hamsini na vyeo vyote chini. Zamani bawabu alikuwa anawasubiri wazee na wenye miguu mibovu. Vuong ndiye aliyeikomesha tabia hiyo. Alisambaza waraka kwamba lango lifungwe "hata kama aliye nje ni mwana wa Mfalme". Mwaka huo Waziri wa Mahakama, mzee wa miaka sabini na mitatu, alifika akihema wakati komeo linaingia. Nafasi yake ilijazwa siku hiyo hiyo na shemeji yake Vuong.

Suala la miavuli lataka maelezo kidogo. Nchini kwetu mkubwa hutambulika kwa idadi ya miavuli anayoshikiwa. Ndugu wa Mfalme ana mitatu. Vuong alipewa miwili, na Mfalme akataka kumwongezea. Akakataa! Akaomba badala yake yule kobe apewe minne, na jina la Mtukufu Msema Kweli.

Nilimuuliza kwa nini. Alikuwa akipewa tambuu na mtumishi, akaitafuna polepole.

"Mwenye miavuli mingi huonewa wivu, Khoan. Nani atamwonea wivu kobe? Mimi nitakuwa mdomo wake tu."

Na kobe akaanza kusema. Kila wiki palionekana maneno mapya tumboni, na Mheshimiwa Vuong ndiye pekee aliyeruhusiwa kumpindua. Kobe alisema Waziri wa Maghala amechoka. Waziri alishangaa, maana alijisikia mzima, lakini kufikia jioni alikuwa kwao kijijini akipumzika chini ya ulinzi. Kobe alisema nyumba ya Waziri wa Maghala ina upepo mzuri kwa mshauri. Kobe alisema dada yake Vuong anafaa kuimba kwenye ukumbi wa ndani. Mtu angedhani kiumbe huyu amezaliwa kwenye ukoo wa akina Khuc.

Na kwa kuwa kobe wengine wote wa mjini wangeweza kuwa ndugu zake, ilibidi nao watunzwe. Walikusanywa kwenye madimbwi na masoko, wakapewa vyeo kuanzia daraja la tisa, na wakawekwa jela kuu, ambayo ndiyo jengo pekee lenye kuta madhubuti na maji ya kutosha. Wafungwa waliambiwa waende majumbani na waahidi kurudi.

Sasa nifike kwenye suala la Bi Nhai, ambalo ningependa kulikwepa.

Bi Nhai ni mjane, anauza chakula nje ya Lango la Mashariki. Anajulikana kwa kitu kimoja: kobe wa gamba laini, aliyepikwa na ndizi mbichi, tofu ya kukaanga na manjano, na majani ya kunukia yaliyokatwakatwa juu. Nimekula kwake miaka kumi na moja. Nilikula kwake siku nilipofaulu mtihani wa ukarani, na nilikula kwake siku nilipomzika mama yangu, na siku hiyo hakunidai. Siku ya pili baada ya tangazo askari walimkuta na sufuria jikoni.

Alijitetea kwamba alimnunua kobe kabla ya tangazo. Askari walisema sufuria bado ina moto. Mheshimiwa Vuong alitathmini hali kwa upana wake, akaona viboko hamsini visingelifunza soko lolote. Akaamua anyongwe.

Lakini mtu hanyongwi bila muhuri, na muhuri ulikuwa mkononi mwa Mfalme, naye Mfalme alikuwa akijiandaa kwenda mlimani kwa watawa, kufunga na kutafakari kwa miaka mitatu. Angeuacha muhuri kwa atakayekunywa kikombe cha kwanza siku ya kiapo. Nchi nzima ilijua nani atakunywa. Vuong alishashonewa hata joho. Hivyo jalada la Bi Nhai likawekwa juu kabisa, liwe la kwanza kugongwa muhuri asubuhi ya tarehe tano. Niliandaa mimi, kwa mwandiko mzuri. Ulitetemeka mahali pamoja tu, nikakwangua nikaandika tena.

Jela ilikuwa imejaa kobe, kwa hiyo nilimkuta kwake, anakaanga tofu.

"Karibu, mwanangu. Leo ni tofu tupu. Kile kingine mmenikataza."

"Bi Nhai, sikuja kula."

"Kaa hapo."

Nilikaa. Nikala.

"Haya, soma basi hiyo karatasi. Naona inakuchoma mfukoni."

Nikamsomea yote, pamoja na vifungu. Alikuwa anatafuna tambuu, hakuacha kutafuna.

"Tarehe tano lini? Kabla ya kula au baada?"

"Waraka hausemi."

"Nenda ukaulize. Mimi kufa na njaa sitaki, nimewalisha watu maisha yangu yote."

Nikaandika pembeni: kuulizia kifungua kinywa.

Akakaa kwenye kigoda mbele yangu, akafuta mikono. "Khoan, nikuulize wewe uliyesoma. Nitazame usoni. Yule kobe ni nani?"

"Ni Mtukufu Msema Kweli, mwenye miavuli minne."

"Nimesema nitazame usoni."

Nilitazama bakuli. Nilitaka kulia, na sikujua ni kifungu kipi kinaruhusu karani wa daraja la saba kulia kazini.

Alinihurumia, akabadili mazungumzo. "Haya, huyo mtukufu wako hajambo?"

Hapo nikajikuta nimemwaga siri ya ofisi. Nilimwambia kwamba Mtukufu hali chakula siku ya kumi na moja sasa, macho yamevimba, na kwamba akifa kabla ya kiapo sote tumekwisha.

"Mnamlisha nini?"

"Keki za mchele na asali. Mara tatu kwa siku, juu ya mto wa hariri."

"Jamani!" Alipiga mapaja. "Kobe mzee kama yule mnampa vitamutamu? Huyo anataka konokono! Na ale miguu yote minne iko chini, kobe hali akiwa ananing'inia kama mzigo wa bibi harusi. Na hizo patu zenu za shaba mnazompigia mchana kutwa!"

"Patu ni heshima, Bi Nhai."

"Patu ni kelele. Kobe akisikia kelele anaingia ndani anafunga mlango. Hata wewe mtu akikupigia sufuria mlangoni si utafunga?"

Nilirudi ofisini nikaandika ombi la kuajiri Mtaalamu wa Lishe wa muda, hadi tarehe nne. Kwenye sehemu ya sifa niliandika kwamba hakuna mtu mjini anayemjua kobe kama aliyempika miaka thelathini. Mheshimiwa Vuong alicheka mpaka tambuu ikamtoka.

"Mlete," alisema. "Angalau atakufa akiwa amelitumikia taifa."

Siku ya tatu Mtukufu alikula konokono kumi na wanane. Macho yakafunguka. Bi Nhai aliomba jambo moja la kitaalamu: kwamba popote Mtukufu atakapokuwa, ikifika katikati ya saa ya Joka, yaani saa mbili asubuhi, ateremshwe chini ale. Niliingiza kwenye kanuni. Mheshimiwa Vuong alipitisha, ila akaona haipendezi mwenye miavuli minne akae chini kama kobe wa kawaida, watu wanaweza kusahau. Akaongeza kwa mkono wake mwenyewe: "Na maadamu yuko chini, patu zisinyamaze."

Kwa hayo yaliyofuata naapa sikujua lolote. Niliulizwa hivyo hivyo na baraza, na nilijibu hivyo hivyo.

Asubuhi ya tarehe nne msafara uliondoka ikulu kwa fahari kubwa. Mfalme alikuwa ametangulia hekaluni tangu alfajiri pamoja na wakubwa wengi, wale waliokuwa wamejifunza kutoka kwa Waziri wa Mahakama kwamba kuchelewa si kuzuri. Nyuma alibaki Vuong, kwa sababu mkubwa wa siku haingii kwanza, pamoja na wakubwa sitini waliotaka waonekane wakiingia naye. Mimi nilikuwemo na jalada kwapani. Karani wa daraja la saba haapi. Inaaminika hana cha kusaliti.

Mbele kabisa alikwenda Mtukufu kwenye machela yake, miavuli minne juu, na Bi Nhai pembeni na kikapu cha konokono. Nyuma yake Vuong, nami nyuma tu ya machela yake. Kisha wapiga patu arobaini, na wale sitini.

Kuvuka To Lich kuna daraja la mianzi, upana wake ni machela moja. Ukiwa katikati ya daraja, lango la hekalu unaliona lile pale, unaweza kuhesabu misumari yake. Tulimwona Jenerali amesimama mlangoni na ufagio. Msafara ulipofika katikati ya daraja, Bi Nhai aliangalia jua.

"Saa ya Joka imefika katikati," alisema. "Mteremsheni ale."

Wabebaji walimteremsha, maana ndiyo kanuni. Kobe akaweka miguu minne kwenye mianzi, akatoa shingo, akamtazama konokono. Na wapiga patu arobaini, maana ndiyo kanuni, wakapiga.

Shingo ikarudi ndani. Miguu ikarudi ndani. Pakabaki gamba katikati ya daraja.

Sote tukapiga magoti, paji la uso kwenye mianzi. Machela ya Vuong ikawekwa chini, naye akashuka, akapiga magoti. Joho lake jipya lilikuwa gumu, likatoa sauti. Tukangoja kobe apite kwa hiari yake.

Ngoma ya kwanza ikalia hekaluni.

"Khoan," Vuong aliita chinichini, uso chini. "Ana nini?"

"Ametulia, Mheshimiwa."

"Mwambie apite."

"Sheria inasema kwa hiari yake."

"Msogeze kidogo basi, pembeni hapo."

"Kumsogeza ni kumsukuma. Viboko hamsini."

"Tuteremke mtoni tupite kwenye maji!"

"Hapo ndipo yale maneno mawili yanapoingia, Mheshimiwa. Wala kumzunguka."

Alinitazama kwa jicho moja kutoka chini. Hakusema kwamba nina kichwa.

"Nyamazisheni hizo patu!" alifoka.

Wapiga patu wakatazamana. Kiongozi wao, mtu mzima mwenye familia, akajibu huku akiendelea kupiga: "Zisinyamaze maadamu yuko chini, Mheshimiwa. Ni mwandiko wako."

Ngoma ya pili.

Nadhani ni wakati huo alipogundua kwamba watu wote mia moja na zaidi walikuwa wameangalia chini, na hakuna anayemwona. Alinyoosha mkono taratibu kuelekea kwenye gamba. Nilimwona kwa sababu nilikuwa nachungulia. Kumbe sote tulikuwa tunachungulia. Wale sitini walioandamana naye wakainua vichwa kidogo kidogo, na kila mmoja alikuwa na sura ya mtu anayekumbuka nyumba ya Waziri wa Maghala ina vyumba vingapi. Mkono ukarudi.

Bi Nhai alikuwa amechuchumaa karibu na kobe. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia bei ya vitunguu.

"Mheshimiwa, mbona unajitesa? Sema tu ni kobe."

"Nyamaza, mwanamke!"

"Kama ni mtukufu, tutakaa hapa mpaka jioni, mimi sina haraka, nanyongwa kesho. Lakini kama ni kobe, unamwinua hivi tu unamweka kando, unawahi kikombe chako. Neno moja, baba. Ni kobe."

Nimefanya kazi serikalini miaka mingi na sijawahi kumwona mtu akifikiri kwa nguvu kiasi kile. Jasho lilimtoka, likachuruzika kwenye joho. Akisema ni kobe, basi alikuwa kobe tangu siku ya bwawa, na maneno yale yalikuwa ya kisu, na yeye ni mtunza bwawa. Asiposema, muhuri uko pale ng'ambo, hatua hamsini, na hatauona tena. Nilikuwa nimekumbatia jalada la Bi Nhai mpaka vidole vikaniuma. Nilitamani aseme. Naliandika hili waziwazi kwa mara ya kwanza: nilitamani aseme hata kama ofisi yetu ingefungwa.

Mpigaji ngoma wa hekalu aliinua mchi wa kupigia kwa mara ya tatu. Tulimwona.

"Ni kobe!" Vuong alipiga kelele. "Kobe tu! Kobe!"

Akamnyakua kwa mikono miwili, akamsukumia mikononi mwa Bi Nhai, akakusanya joho mpaka magotini na kukimbia. Alikimbia vizuri kwa mtu wa umri wake. Ngoma ya tatu ikamkuta kwenye ngazi. Jenerali alikuwa tayari ndani, anasukuma lango.

"Ngoja! Kieu Thuoc, ngoja! Ni mimi!"

"Nakuona," Jenerali alisema kupitia upenyo.

"Nifungulie, ndugu yangu!"

"Ningefungua, lakini nina waraka hapa. Hata kama aliye nje ni mwana wa Mfalme." Akafikiri kidogo. "Wewe baba yako alikuwa nani vile?"

Komeo likaingia.

Humo ndani kikombe cha kwanza kilikosa mnywaji, na Mfalme, ambaye alikuwa na haraka ya kwenda mlimani, akatazama huku na huku akamwona mjomba wake mlangoni na ufagio. Mengine yanajulikana.

Alasiri hiyo hiyo baraza lilikaa. Mimi nilikuwa mwandishi. Hoja ya kwanza, kukosa kiapo, ilikuwa rahisi, viboko hamsini na vyeo vyote chini, yeye na wale sitini. Hoja ya pili ilikuwa ngumu kiutaratibu: je, mshtakiwa alimgusa Mtukufu mwenye miavuli minne? Hilo, kwa mwenye cheo, baraza lilihesabu si la viboko tena bali usaliti, na msaliti hunyongwa. Au alimgusa kobe? Hilo halina adhabu.

"Khuc Vuong," Jenerali alimuuliza kwa upole, "wewe ndiye mtaalamu. Utuambie. Alikuwa nani?"

Vuong aliangalia sakafu. "Kobe."

"Kobe wa namna gani?"

"Kobe wa bwawani. Wa kawaida."

"Na hao wengine walioko jela?"

"Kobe tu. Wote."

"Weka sahihi."

Akaweka. Niliichukua ile karatasi ikiwa bado mbichi, nikaisoma mara mbili, nikaomba radhi, nikaeleza baraza kwamba kwa mujibu wa ushahidi wa mtaalamu mkuu kuna jalada jingine linaloathirika, la mtu aliyepika kobe tu. Waliniangalia kana kwamba ukuta umesema. Kisha Jenerali akashika tumbo lake, akacheka, akasema lifungwe. Nilibandika sahihi ya Vuong kwenye jalada la Bi Nhai kwa mikono yangu. Nikaandika chini yake "limefungwa"; safari hii mwandiko ulitetemeka wote na sikukwangua chochote.

Ofisi ya Kobe ilifutwa. Mimi nilihamishiwa Ofisi ya Jogoo Mweupe, ambaye Jenerali alimwona kwenye paa la nyumba yake wiki moja baada ya kupata muhuri, na ambaye huwika jina lake. Hapa si mahali pa kuzungumzia jogoo. Nitasema tu kwamba Bi Nhai aliposikia aliniuliza anakula nini, nikamwambia hiyo ni siri ya serikali.

Yule kobe mzee, Bi Nhai alimtia mwenyewe kwenye To Lich, jioni ile ile ya kiapo. Anasema hali kitu alichokilisha kwa mkono wake.

Mwezi uliopita nilikuwa kwake mchana, kumejaa watu, manjano yananukia mpaka langoni. Akaja mtu amevaa kofia pana ya majani iliyoshushwa usoni, akaagiza bakuli. Bi Nhai akamwonyesha kigoda kilichokuwa wazi. Mtu yule akasema asante, atakula amesimama. Nilimtambua kwa jinsi alivyotafuna. Nusura nipige magoti, kwa mazoea.

Alikula bakuli zima. Akaomba la pili. Alipofika nusu yake akasimamisha kijiko hewani, akauliza kwa sauti ndogo, bila kuinua kofia.

"Bibi, mbona hii tamu hivi? Ni nini?"

Bi Nhai alikuwa anakata ndizi. Hakuinua macho.

"Kobe tu, Mheshimiwa."